Kanyaga, Shikilia

Fundi alisema giaboksi imekwisha. Hakuinua hata boneti. Alisimama nje ya dirisha la dereva, mkono mmoja juu ya paa, akamwambia Baba atie gia ya kwanza, akausikiliza ule mlio wa meno kusagana, krrr, kama mtu anayeburuta meza ya chuma sakafuni. Akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni giaboksi. Tafuta elfu thelathini na nne nikufungie nyingine ya mtumba kutoka Japani. Hapo hata kazi yangu imo."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimebanwa na kreti za mikate. Nikasema, "Lakini jana injini ikiwa imezimwa, gia zilikuwa zinaingia."

Hakuna aliyegeuka. Fundi akampa Baba mkono, akaenda zake kwa mteja mwingine.

Baba husambaza mikate. Kila alfajiri anavuka feri ya Likoni kwenda kisiwani, anajaza buti na kiti cha nyuma, anarudi ng'ambo kugawia maduka ya Likoni, Shelly Beach na Mtongwe kabla watoto hawajaenda shule. Faida ya mkate mmoja ni shilingi chache tu, kwa hivyo elfu thelathini na nne usijaribu kuihesabu kwa mikate, utalia. Gari yenyewe ni Toyota Corolla 100, ya gia za mkono, ya mwaka 1994. Sheria yetu hairuhusu gari ya mtumba iliyopita miaka minane kuingia nchini, lakini ikishaingia hakuna anayeihesabia umri tena. Hii imepita thelathini. Ni dada yangu mkubwa, kwa njia fulani.

Na ndiyo iliyonisomesha. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sababu zina siku yake, si leo. Kinachohusika hapa ni kwamba ada ya miaka miwili na nusu ilitoka kwenye buti la hiyo Toyota, na nilipoacha Baba hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza. Alinyamaza tu. Tukawa watu wa "umekula?" na "funga mlango".

Riziki yangu ni kuandika. Kuna wateja wa ng'ambo wanaotaka maneno mia nane kuhusu chochote kile, leo magodoro, kesho bima ya mbwa. Mwaka jana mmoja wao alitaka magari tu, kwa miezi minne mfululizo. Nikaandika kuhusu klachi, giaboksi, breki, kwa sauti ya mtu mwenye gereji yake, na mimi spana sijawahi kuishika. Usiku nasoma vitabu vya mafundi, natazama video, asubuhi naandika. Ni uongo wa aina yake, najua. Lakini kitu ukikiandika mara kumi na tano, kinakaa.

Usiku ule Baba alipoenda kuswali isha, nilichukua ufunguo.

Hebu nieleze kidogo, maana ukilielewa hili hutaibiwa kirahisi. Injini inazunguka muda wote ikiwaka. Magurudumu hayazunguki muda wote. Lazima kuwe na kitu katikati cha kuvikutanisha na kuviachanisha. Kitu hicho ni sahani moja yenye msuguano, ile wanayoiita klachi pleti, imebanwa kwenye flaiwili ya injini na springi kali za presha pleti. Ukikanyaga pedali, springi zinalegea, sahani inakuwa huru, giaboksi haipokei nguvu. Hapo ndipo gia inabadilishwa. Sasa, kama umekanyaga mpaka chini na sahani bado inaguswaguswa, giaboksi inaendelea kuzungushwa, na kutia gia ni kama kurukia matatu ambayo haijasimama. Siku nyingine utafaulu, siku nyingine utaacha kiatu barabarani.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama giaboksi ni nzima. Swali ni gia zinakataa wakati gani.

Injini ikiwa imezimwa nilitia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, rivasi. Zote zikaingia bila neno. Kama nyaya za gia zingekuwa zimelegea, au uma za ndani ya giaboksi zimevunjika, zingekataa hata hapo. Nikawasha. Ya kwanza, krrr. Rivasi ndiyo mbaya zaidi, na kuna sababu: gia za mbele zina sinkro, zile pete za shaba zinazosawazisha mwendo kabla meno hayajakutana, na kwenye gari nyingi za umri huu rivasi haina. Klachi isipoachia vizuri, rivasi ndiyo mshtaki wa kwanza.

Kisha nikafanya jambo ambalo fundi angelifanya kwa sekunde tano kama angetaka. Nilipampu pedali mara tano haraka haraka, nikaishikilia chini, nikatia ya kwanza. Ikaingia. Kimya.

Nilikaa pale gizani nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Giaboksi haijui umekanyaga pedali mara ngapi. Mafuta ndiyo yanajua. Kwenye Corolla hii hakuna waya wa klachi. Pedali inasukuma mafuta, yale yale ya breki, kutoka silinda kuu iliyo juu hadi silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi, na hiyo ndogo ndiyo inasukuma mkono wa klachi. Mafuta yakivuja au hewa ikiingia, unakanyaga hewa.

Nikajaribu mengine mawili ili niwe na uhakika. Hendibreki juu, gia ya nne, nikaachia klachi polepole: injini ikazima. Maana yake sahani inashika. Ingekuwa imelika, injini ingeendelea kunguruma huku gari imesimama, na ungesikia harufu ya kuungua. (Usiufanye mtihani huu mara mbili mbili, unaimaliza hiyo sahani.) La pili ni kusikiliza. Kelele ikija unapokanyaga, ni rilisi beringi, ile ya kuachia klachi. Kelele ikipotea unapokanyaga, ni beringi ya giaboksi yenyewe. Sikusikia yoyote.

Nikainua boneti na tochi ya simu. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa karibu kitupu, na kilichobaki kilikuwa cheusi kama kahawa tungu. Nikavuta mpira wa vumbi wa ile silinda ndogo. Ulikuwa umelowa.

Baba alirudi akanikuta mikono miusi.

"Si giaboksi, Baba. Ni silinda ya klachi. Mpira wake wa ndani umekatika. Ni shilingi mia tano."

"Yule ana miaka ishirini kwenye kazi hii."

Na wewe una miaka miwili na nusu. Hakusema hivyo, lakini nilisikia.

Mkopo wa chama ulikuwa unatoka Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka dirishani, akasema, "Mpe mtoto ajaribu. Mia tano si pesa ya kugombania." Baba akatoa noti, akaiweka juu ya boneti badala ya mkononi mwangu.

Jumatano nilifungua silinda. Boliti mbili za spana ya 12, bomba moja la mafuta, basi. Ndani nilikuta mpira umekatika ukingoni, sawasawa na nilivyosema. Na kwenye ukuta wa silinda nikakuta kitu kingine: vishimo vidogo vya kutu, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Niliviona. Hapa ndipo nataka unikasirikie. Kila kitabu nilichosoma, na makala zangu mwenyewe nilizolipwa, vinasema ukikuta ukuta una vishimo usibadilishe mpira peke yake, nunua silinda nzima, maana vishimo vitaukata na huo mpya. Silinda nzima ilikuwa elfu mbili na mia mbili. Mimi nilikuwa nimeshatangaza mia tano. Nikasugua na kitambaa, nikatia mpira mpya, nikamwita mdogo wangu akanyage pedali tukatoa hewa, yeye jicho moja kwenye simu. Pedali ikawa ngumu, safi. Gia zikaingia. Nikamwambia Baba, "Tayari," na nilifurahi mno.

Alhamisi alfajiri nilienda naye. Nilitaka kuona akikubali, hakuna sababu nyingine.

Wanaovuka Likoni wanajua kwamba maji yakijaa, mteremko wa kuingia na kutoka feri unakuwa wa kawaida tu. Yakipwa, unakuwa mlima. Alfajiri ile maji yalikuwa yamekupwa. Mimi kwenye feri huwa sikai ndani ya gari, tangu ile Septemba ya 2019 gari ilipoteleza nyuma ikaingia baharini na mama na mtoto wake ndani. Nilishuka, nikavuka nikiwa nimesimama kando, karibu na vyuma, nikimtazama Baba ndani ya Toyota, injini imezimwa kama wengine wote.

Tulipofika ng'ambo magari yakaanza kuwaka. Ya Baba ikawaka. Ya mbele yake ikaondoka. Nikasikia krrr. Nikamwona akiangalia chini, miguuni, na bega lake la kushoto likipanda na kushuka, anapampu. Krrr tena. Lori nyuma yake likapiga honi, halafu magari yote yakapiga honi. Mfanyakazi mmoja wa feri mwenye koti la kung'aa akaanza kukimbia kuelekea kwenye gari akipunga mkono. Mbele ya Baba kulikuwa na ule mlima wa zege uliolowa. Nyuma yake kulikuwa na lori, na nyuma ya lori sitaki kukumbuka.

Miguu yangu ilikataa. Sikwenda hata hatua moja.

Baba akazima injini. Nikadhani amekata tamaa. Kisha nikaona mkono wake ukitia gia, taratibu, na akageuza ufunguo. Gari ikaruka mbele kwa nguvu ya stata peke yake, ikatetemeka, ikaruka tena, injini ikashika, na Toyota ikapanda ule mlima ikilia kwa gia ya kwanza mpaka juu, bila kusimama, bila klachi. Magari mapya hayakubali; mengi hayawaki mpaka ukanyage pedali. La zamani halina maswali.

Nilimkuta ameegesha kando ya barabara, amewasha taa za dharura. Nilikuwa napumua kama mimi ndiye niliyepanda.

"Pedali imelala," akasema. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa hata na furaha kidogo, ile ya mtu aliyefanya jambo gumu na kuna aliyeona.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Nafanya hivyo tangu Ramadhani. Na gia nabadilisha bila klachi. Unasikiliza tu injini, ikishuka pale inapotakiwa, unaitia."

Miezi miwili. Alfajiri zote hizo, peke yake kwenye ule mteremko, na nyumbani hakusema kitu isipokuwa kwamba gari imekuwa nzito. Nami nikaelewa jambo ambalo sikulisema pale: anayebadilisha gia kwa kusikiliza hukosea mara moja moja, na mara hizo hulipwa na zile pete za shaba.

Badala yake nikasema, "Niliona vishimo kwenye silinda, Baba. Nilijua mpira pekee hautoshi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimesema mia tano."

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza kunielekea mimi kwa muda mrefu. "Twende tukachukue mikate kwanza," akasema.

Saa tatu tulikuwa kwenye duka la spea. Muuzaji alimwuliza Baba anataka nini, na Baba akanionyesha mimi kwa kidevu. Silinda nzima, na chupa ya mafuta ya breki.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili na haiwezi kuharakishwa. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anainama kwenye injini na spana ndogo. Nilivalisha mpira wa dripu kwenye kinati cha kutolea hewa, upande wa pili nikauzamisha kwenye chupa ya maji yenye mafuta kidogo. Safari hii mdogo wangu alikuwa shule. Baba akavua viatu, akaketi.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nafungua kinati, mapovu yanakimbia kwenye mpira, nafunga. "Achia."

Akiachia kabla sijafunga, silinda inavuta hewa tena na tunaanza upya. Mara ya tatu nilisikia pedali ikirudi mapema nikamfokea, "Baba, usiachie!" Sijawahi kumpigia kelele baba yangu maishani. Kukawa kimya kidogo.

"Sijaachia," akasema. "Umeniambia shikilia, nimeshikilia. Hiyo ni springi ya kiti."

Tuliendelea. Kanyaga, shikilia, achia. Kufikia mara ya kumi hivi alikuwa anasema mwenyewe, "Nakanyaga... nimeshikilia," na mimi najibu "nimefunga". Mafuta meusi yakageuka ya kahawia, kisha yakawa mangavu kama mafuta ya uto. Mapovu yakawa madogo, yakakoma. Matone yaliyodondokea rangi ya gari nikayaosha kwa maji mengi, maana mafuta ya breki yanababua rangi. Baba alishuka akakagua pale mahali kwa kidole kana kwamba hiyo ndiyo sehemu ya thamani ya gari.

Tukawasha. Ya kwanza ikaingia. Rivasi ikaingia kimya. Tukazunguka mtaa. Ya pili: krrr.

"Na hiyo?" akauliza.

Ikabidi nimwambie. Fundi hakukosea kila kitu. Ndani ya giaboksi kuna ugonjwa, wa gia moja, na ugonjwa huo haukuwa sababu ya gari kukataa kwenda. Jumamosi tulimwaga mafuta ya giaboksi, karibu lita mbili, na kwenye beseni kulikuwa na vumbi la shaba linalometa kama pambo la kanga ya harusi. Tukatia mapya. Ikapungua, haikuisha. Sikumwambia ilikotoka hiyo shaba. Nadhani alijua, alilitazama beseni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Itakuchukua mbali bado," nikasema. "Ila ukitoka ya kwanza, pumzika kidogo kabla ya kutia ya pili."

"Si ndivyo nilivyokuwa nakwambia mimi?"

Kweli. Alinifundisha kuendesha kwenye gari hii hii nikiwa na miaka kumi na minane, na kila nilipousahau mguu wa kushoto juu ya pedali alikuwa ananigonga goti na kuuliza, "Huo mguu umeupangishia chumba hapo?"

Fundi tulikutana naye wiki iliyofuata. Baba akamwambia ilikuwa silinda. "Hata mimi nilishuku," fundi akasema. Watu wameniambia nisimlaumu, kwamba siku ina magari mengi na kila mwenye gari ana haraka. Namlaumu kidogo. Boneti inainuliwa kwa vidole viwili.

Mkopo wa chama Baba hakuuchukua. Mwezi uliofuata nilihamia Bamburi, chumba kimoja, na tangu hapo hunipigia simu, yeye ambaye simu kwake ilikuwa ya kumpa Mama. Haulizi kazi wala chuo. Anatoa ripoti: leo ya pili imekataa mara mbili, leo haikukataa, kikopo kiko pale pale kwenye alama. Jana alipiga saa kumi na moja alfajiri, nyuma yake nasikia honi ya feri.

"Kuna sauti mpya. Kama panya."

"Ukikanyaga au ukiachia?"

"Ngoja." Nikamsikia akijaribu. "Nikikanyaga."

"Na ukiachia?"

"Kimya kabisa."

"Hiyo ni rilisi beringi, Baba. Spea yenyewe si ghali, lakini kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe."

Akanyamaza. "Kwa hiyo tunarudi kwenye giaboksi."

"Kuishusha tu, si kununua nyingine. Nakuja Jumamosi. Usiipeleke kwa mtu kabla sijaisikia."

"Nani amesema napeleka?" akasema, na magari yakaanza kutembea, akakata.